Mafuta ya sumaku: kuyatengeneza Malindi, kutoka mchanga wa Sabaki hadi miiba

Ukitembea ufuoni Malindi maji yakiwa yamekupwa, ukashika njia ya kaskazini kuelekea mlango wa mto Sabaki, utaona mistari myeusi juu ya mchanga, kana kwamba mtu amepita akimwaga masizi. Ni madini mazito yaliyoletwa na mto. Wimbi likirudi huchukua mchanga mwepesi, haya likayaacha. Chovya sumaku hapo, itatoka na ndevu.

Wengi huanzia papo hapo. Huchota ule weusi, wakauchanganya na mafuta ya kupikia, wakasogeza sumaku, ukasimama, wakasema wamepata ferofluidi, yaani mafuta ya sumaku. Bado. Walichopata ni tope la sumaku. Tope lina raha yake, nasi tutalitengeneza kwanza kwa sababu linafundisha mengi bila gharama. Lakini ukiliacha usiku kucha, asubuhi utakuta mafuta juu, mchanga chini. Mafuta ya sumaku ya kweli hayatuami: kesho na mwezi ujao ni meusi yale yale kutoka juu hadi chini, na ukiyawekea sumaku kwa chini yanaota miiba kama fenesi.

Kinachotofautisha viwili hivi ni ukubwa wa chembe. Punje ndogo ya mchanga wa ufuoni ina kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Chembe ya ferofluidi ina nanomita 10 hivi, yaani ndogo mara 10,000 kuliko punje hiyo. Chembe ndogo kiasi hicho husukumwasukumwa na molekuli za mafuta zisipate nafasi ya kuzama. Tena kila moja huvikwa koti la asidi ya mafuta ili zisigandamane, maana zenyewe ni visumaku na zingependa kushikana. Mtu wa kwanza kufaulu alikuwa Steve Papell wa NASA, mwaka 1963, akitafuta namna ya kuvuta mafuta ya roketi kwa sumaku mahali pasipo na uzito. Yeye alisaga magnetaiti, madini meusi ya chuma yanayoshikwa sana na sumaku, ndani ya kinu cha gololi pamoja na asidi ya oleiki, ambayo ni asidi ya mafuta ya kufanyia lile koti, kwa muda mrefu sana. Kwa mkono hutafika huko, hata ukisaga mpaka Idi. Njia ya nyumbani ni ya upande wa pili: badala ya kusaga kikubwa kiwe kidogo, tunazizalisha chembe zikiwa ndogo tangu mwanzo, kwa kemia.

Tope la mchanga

Usichote kusini, ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi. Ilitengwa mwaka 1968 na hairuhusiwi kutoa kitu. Upande wa Sabaki, kikombe kimoja cha mchanga mweusi kinatosha.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mweusi wote si mmoja. Pwani hii, Mambrui hasa, inajulikana kwa madini ya titani, na sehemu kubwa ya weusi ule ni ilmenaiti, ambayo sumaku huivuta kwa unyonge. Unayoitaka ni magnetaiti. Kwa hiyo usianze na sumaku kali ya diski ya kompyuta, kwa sababu itabeba vyote. Anza na sumaku ya duara ya spika mbovu, ile nyeusi inayofanana na kigae. Hiyo ina nguvu ya kuinua magnetaiti na kuiacha ilmenaiti pale pale.

Kausha mchanga juani, uutandaze kwenye sinia pana. Tia sumaku ndani ya kikombe cha plastiki, upitishe kitako cha kikombe juu ya mchanga, karibu bila kugusa. Kikishaota ndevu, kipeleke juu ya bakuli jingine utoe sumaku. Ndevu zitadondoka zenyewe. Ukiigusisha sumaku bila kikombe, utakaa kutwa ukiichambua kwa kucha. Rudia mara tatu, kila mara ukianza na ulichookota mara iliyotangulia. Kisha suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara tatu, ukaushe tena. Chumvi ikibaki, unga utafanya kutu ndani ya wiki.

Saga. Usisage kwenye kinu cha nyumbani. Magnetaiti ni ngumu na itaacha unga wake katika kila pilau mpaka mwisho wa dunia. Tumia mawe mawili magumu, au kipande cha bomba la chuma na nondo. Chekecha kwa kitambaa chepesi cha mtandio. Kinachopita ndicho chako.

Changanya vijiko vitatu vya unga na kijiko kimoja na nusu cha mafuta ya kupikia. Liwe zito kama uji wa mgonjwa, la kumiminika polepole. Sasa chukua sirinji mbili za mililita 10 bila sindano, uziunganishe kwa mpira mwembamba kama wa dripu, wenye urefu wa sentimita 15. Tia tope katika moja, uhakikishe hakuna hewa. Sukuma upande huu, linahamia ule. Halafu bana mpira katikati ya sumaku mbili kali, usukume tena. Kidole kitahisi kama mtu amefunga bomba. Ondoa sumaku, linatiririka. Jacob Rabinow, Mmarekani, ndiye aliyelionyesha jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1940, na leo baadhi ya magari yana shokomzoba zinazokazwa na kulegezwa namna hiyo hiyo, kwa umeme.

Mpira ukiziba hata bila sumaku, chembe zako ni kubwa au mafuta ni machache. Sumaku zikishindwa kuzuia, unga ni mchache, au umejaa ilmenaiti.

Sasa mafuta yenyewe: vitu vya kutafuta

Feriki kloraidi, mabonge ya kahawia au manjano yanayouzwa na maduka ya vipuri vya elektroniki kwa kuchonga bodi za saketi. Malindi ni shida kuipata. Agiza kwa watu wa Mombasa au Nairobi. Ikiwa ni mabonge yenye unyevunyevu, pima gramu 40. Ikiwa ni vipande vikavu vyeusi vya kijani, pima 24 tu, kwani havina maji ndani. Tia maji safi mililita 70 kwanza, ndipo uongeze kemikali kidogo kidogo, kisha jaza maji mpaka ifike mililita 100. Usigeuze mpangilio: ile kavu hupata moto mkali ikimwagiwa maji. Ikiwa umeuziwa chupa ya maji mazito tayari, ya asilimia 40, kila mililita 100 iongezee maji mililita 140.

Waya wa kusugulia sufuria, ule laini wa chuma cha kawaida unaoshika kutu. Ule unaong'aa wa chuma cha pua haufai. Gramu moja yatosha, yaani kipande cha ukubwa wa tonge. Ukiwa na sabuni ndani, usuuze kwa maji moto mpaka povu liishe.

Amonia ya maji. Wauzaji wa kemikali za kutengenezea sabuni huwa nayo, mara nyingi ya asilimia 25. Utahitaji mililita 100 za asilimia 10, yaani mililita 40 za ile kali ndani ya maji 60. Weka na akiba ya mililita 15 za asilimia hiyo hiyo kwa hatua za baadaye. Chupa iliyofunguliwa zamani ikakaa kwenye joto letu huwa imeshakufa. Ikiwa haikukimbizi pua, usiitegemee.

Asidi ya oleiki, mililita 3 hadi 5. Hii hupatikana kwa wauza kemikali. Wapo wanaojaribu kuweka sabuni ya kuoshea vyombo badala yake, wakapata matope ya kijivu. Ukikosa kabisa, waweza kuitoa ndani ya mafuta ya zeituni: pika gramu 20 za mafuta na gramu 2.7 za soda kali iliyoyeyushwa katika maji mililita 10, kwenye chupa ya glasi ndani ya sufuria ya maji moto, ukikoroga mpaka iwe sabuni laini. Iyeyushe katika maji moto mililita 50, umimine siki nyeupe mililita 100. Mafuta ya rangi ya asali yataelea juu. Yaengue, uyasuuze kwa maji moto. Si safi kama ya dukani, maana imo asidi nyingine ya kugandamana ndani yake, lakini hufanya kazi. Soda kali hupofusha, basi miwani ya kazi ni lazima.

Mafuta ya taa, mililita 25.

Na maji. Hapa ndipo kazi nyingi za Pwani hufia. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa. Unajua mwenyewe jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu, ikaacha ukoga mweupe kwenye beseni. Asidi ya oleiki ni ndugu wa sabuni, na chokaa itaila vivyo hivyo kabla haijaivika chembe hata moja. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa vizuri: kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na wauzaji wengine huviita vyote "maji ya betri". Maji ya mvua yaliyokingwa safi pia yafaa.

Vyombo ni vya glasi na plastiki pekee: chupa nne za jemu, sirinji za mililita 10 na 20 kutoka duka la dawa kwa kupimia, vijiti vya mbao vya kukorogea. Sufuria ya alumini isiguse feriki kloraidi kamwe. Huila kwa fujo, ikachemka na kutoboka mbele yako. Glavu, miwani, na kikoi ambacho hutakililia, kwa sababu madoa yake ya manjano hayatoki.

Sumaku kali utazipata ndani ya diski ya kompyuta iliyokufa: vipande viwili vya mwezi mwandamo vilivyogundishwa juu ya bati. Usizibandue kwa bisibisi ukazivunja. Ngozi yake ya nikeli ikishapasuka, upepo wa chumvi utaugeuza moyo wake unga wa kutu kabla ya kusi kuisha. Na zisionekane na mtoto: mtoto akimeza mbili, hushikana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Siku ya kazi

Fanyia nje, uani au darini, asubuhi upepo ukishaanza. Wewe kaa joshini, upepo unakotoka, chupa ya amonia iwe demani, upepo unakoelekea. Klorini ya kufulia isiwe karibu. Ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu.

Mimina mililita 10 za feriki kloraidi na mililita 10 za maji kwenye chupa ya kwanza. Tumbukiza waya wa chuma. Usifunge kifuniko, kwa kuwa vitatoka vipovu vidogo vya haidrojeni. Koroga kila baada ya dakika chache. Rangi ya chai ya rangi itaanza kufifia, ipitie manjano yenye uchafu, halafu iwe kijani hafifu kama maji ya kuchemshia mchicha. Hapo chuma kimeshaigeuza kemikali kuwa aina ya pili, feras kloraidi. Inaweza kuchukua nusu saa. Waya wote ukiisha na rangi bado ni ya chai, ongeza waya.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, na usiondoke kwenda kunywa kahawa. Kijani hicho kikikaa hewani hurudi kuwa kahawia, na ukichelewa saa moja utakuwa umeharibu uwiano wote. Ongeza mara moja mililita 25 za ile feriki kloraidi ambayo haijaguswa. Kwa hesabu ya karatasi ilitakiwa 30, ili aina ya kwanza iwe mara mbili ya ile ya pili. Tunapunguza kwa makusudi, maana hewa itaongeza upande huo yenyewe.

Sasa amonia. Imimine yote mililita 100 kwa muda wa dakika mbili hadi tatu, mkono wa pili ukikoroga kwa nguvu bila kusita. Tone la kwanza litafanya wingu la kahawia. Endelea. Ghafla yote yatakuwa meusi, weusi wa wanja. Weka sumaku ubavuni mwa chupa: mashapo yakikimbilia huko, umezaa magnetaiti, kama gramu 4 hadi 5. Yakiwa ya rangi ya kutu na sumaku haiyataki, kijani chako kilikuwa kimeshakufa. Yamwage (namna ya kuyamwaga iko chini) uanze upya; hakuna dawa.

Simamisha chupa juu ya sumaku dakika tano, umwage maji ya juu polepole, sumaku ikishikilia mashapo kwa chini. Ongeza maji safi mililita 60 na amonia mililita 10. Usiyaache mashapo yakauke hata kidogo: yakikauka hushikana, na hakuna koti litakaloingia katikati tena.

Washa jiko la makaa, weka sufuria ya maji, ndani yake kitambaa, juu ya kitambaa chupa. Chupa iingie maji yakiwa bado vuguvugu, la sivyo itapasuka. Mafuta ya taa yawe mbali kabisa, ndani ya nyumba. Hayana kazi hapa. Mashapo yakianza kutoa mvuke lakini hayatokoti, dondosha mililita 3 za asidi ya oleiki, tone kwa tone, ukikoroga. Kwanza hugeuka sabuni ya amonia na kuyeyuka, ndiyo inavyozifikia chembe. Halafu joto hufukuza amonia hewani na asidi hubaki imeshikamana na chembe. Ndiyo maana lazima uvumilie: saa nzima, au zaidi, mpaka pua isisikie amonia tena. Ongeza maji safi yakipungua.

Dalili ya kufaulu inaonekana kwa macho. Ule unga uliokuwa umetawanyika utaanza kukusanyika madonge yanayonata kama lami, na maji yatakuwa meupe. Yakichelewa kukusanyika ingawa harufu imekwisha, tia kijiko cha chai cha siki nyeupe. Epua, zima jiko, ngoja chupa ipoe kabisa. Kupoa si nusu saa. Ishike kwa kiganja.

Mwaga maji, suuza madonge mara mbili kwa maji safi, yakung'ute vizuri. Sasa ndipo mafuta ya taa yaje, mililita 25. Ponda na kukoroga kwa kijiti dakika kumi. Utayaona madonge yakilegea, mafuta yakiwa meusi ti, na vitone vya maji vikibaki pembeni peke yake kama vilivyokataliwa. Maelekezo mengi husema mafuta mililita 100. Ni mengi mno kwa gramu 5. Utapata wino, si miiba.

Vuta yote kwa sirinji ya mililita 20, kwa mafungu mawili, uisimamishe mdomo chini, umezibwa, usiku kucha. Asubuhi maji yaliyobaki yatakuwa yamejikusanya mdomoni. Yasukume nje mpaka utoke weusi mtupu. Kisha mimina kwenye chupa juu ya sumaku ya spika, siku nzima. Kinachoganda chini hata ukiinamisha chupa ni chembe kubwa, ziache. Unachomwaga juu ndicho mafuta ya sumaku.

Yasipotoa miiba

Jaribu kwanza sumaku kabla ya kulaumu mafuta. Sumaku ya spika peke yake mara nyingi hutoa kilima tu. Weka ile ya diski, au mbili zikiwa zimebebana.

Kilima kikipanda bila miiba hata kwa sumaku kali, mafuta ya taa ni mengi. Mimina kwenye kisahani, ukiache wazi kivulini penye upepo, mbali na moto, siku mbili tatu, ukijaribu kila jioni. Yakipungua hadi theluthi mbili mara nyingi miiba hutoka. Ukipitiliza yakawa mazito kama asali, rudisha mafuta mililita moja moja.

Madonge yakikataa kuyeyuka katika mafuta ya taa, koti halikuingia. Ama amonia haikuisha, ama maji yalikuwa ya kisima. Mwaga mafuta, rudisha madonge kwenye maji yaliyotoneshwa yenye mililita 5 za amonia, ongeza mililita moja ya asidi ya oleiki, upashe moto saa nyingine. Nusu ya mara hufufuka. Hapo tena jihadhari: mabaki ya mafuta ya taa na makaa ni moto, basi safari hii tumia maji yaliyochemshwa, ubadilishe yakipoa, jiko likiwa limezimwa.

Rangi ya maziwa ya kahawia ina maana maji yamenaswa ndani. Rudia sirinji, safari hii siku mbili.

Ya kuchezea

Tia mililita 5 kwenye kisahani cha kauri nyeupe. Inua sumaku kutoka chini taratibu sana. Kwa muda hakuna kitu, uso ni laini. Kisha katika umbali fulani, bila onyo, miiba inachomoza yote pamoja, imejipanga kama sega la nyuki. Si kwamba inakua kidogo kidogo. Kuna mpaka, na ukiuvuka inatoka. Mvutano wa uso wa mafuta na uzito wake hutaka uso uwe bapa, sumaku hutaka uinuke kufuata mistari yake, na hapo sumaku imeshinda. Sogeza karibu zaidi: miiba inaongezeka na kuwa myembamba. Pima umbali huo kwa rula, kisha ongeza mafuta ya taa mililita moja uupime tena. Utajua mafuta yako yana nguvu kiasi gani bila kifaa chochote.

Chukua parafujo kubwa ya chuma, isimamishe kwa kichwa juu ya sumaku iliyofungwa plastiki, katikati ya kisahani. Mafuta yatapanda kwenye parafujo yakifuata mizunguko ya nyuzi zake mpaka juu.

Ajabu kuliko yote ni ushanga. Tia mafuta kwenye gilasi ndogo kina cha sentimita mbili, udondoshe ushanga wa kioo. Utazama, kioo ni kizito. Sasa leta sumaku kali kwa chini ya gilasi. Ushanga utapanda. Sumaku haina habari na kioo, lakini inavuta mafuta kuelekea chini kwa nguvu, na mafuta yakigombania nafasi ya chini, yanakisukuma juu kisicho sumaku. Mtu asiyejua atasema sumaku imeusukuma ushanga.

Sumaku daima iwe imefungwa. Mafuta yakiigusa moja kwa moja hayatoki. Utafuta, utafuta, na itabaki na manyoya. Na mbali na mkeka wa ukindu, hilo halina haja ya kuelezwa.

Mabaki

Usimwage chooni wala kwenye karo. Mwamba wa matumbawe una matundu kama sifongo, na shimo lako na kisima cha jirani vinazungumza chini kwa chini. Mabaki ya feriki kloraidi, na yale mashapo ya kutu yaliyoharibika, yakusanye kwenye ndoo ya plastiki. Yakinuka amonia yaache wazi nje mpaka harufu iishe, kisha yatilie magadi kidogo kidogo mpaka mapovu yakome. Kutu itatuama, maji ya juu yamwage kwa maji mengi mahali pasipo mimea wala kisima, tope likaushe ulifunge kwa taka. Mafuta ya sumaku usiyoyataka yanyweshe vumbi la mbao ndani ya kopo la bati, ulifunike. Yanayobaki yahifadhi kwenye chupa ya glasi yenye kifuniko kinachokaza, imeandikwa, kabatini juu. Mafuta ya taa hupenya vifuniko vibovu, na miezi michache baadaye utakuta lami kavu na chupa tupu.